Rai ya mchukuzi haisikilizwi



Nilipokuwa mchukuzi katika ghala moja la pamba, nilimshauri msimamizi mzani usogezwe mlangoni, tusizunguke ghala zima na magunia mgongoni. Kazi ya dakika 10! Nikajibiwa kwamba nimeajiriwa kubeba, siyo kufikiri. Gharama haikuwapo, aliona aibu kufundishwa na mchukuzi.

Waraka wa Rais Na. 1 wa 1970 ulianzisha mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma. Lakini mabaraza yale yalikuwa ya kushauri tu. Mkubwa akikaa kimya, shauri limekufa. Mabaraza ya leo yadai kila rai ijibiwe kwa maandishi, hata ikikataliwa.

Mchukuzi Mstaafu,
Lagangabilili, Simiyu.