Jina la Jirani Si Sadaka

Wapo Wakristo, nao si wachache, ambao wakimtaja Paul Makonda humsifu kwanza kwa jambo moja: yule ndiye aliyewakabili mashoga wakati wengine wanaogopa wazungu. Alipoteuliwa kuwa Mkuu wa Mkoa wa Arusha, Machi 2024, sifa hiyo ilimtangulia mpaka huku kwetu Baray, bondeni kwa Ziwa Eyasi, na niliisikia hata kwa wazee wa kanisa. Naipinga. Naipinga kwa Biblia na Katekisimo, wala si kwa hoja za mabalozi.

Tukumbuke alichofanya. Mwishoni mwa Oktoba 2018, akiwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, alitangaza kamati ya kuwasaka wapenzi wa jinsia moja, akawataka wananchi wamtumie majina. Haukupita muda akasema amepokea ujumbe kwa maelfu. Alijua nchi za nje zitakasirika, akasema ni heri kuzikasirisha hizo kuliko kumkasirisha Mungu.

Hapo mchungaji hana ruhusa ya kukaa kimya, maana ametajwa Mungu.

Luther, alipoieleza amri ya nane katika Katekisimo Ndogo, hakuishia kwenye uongo wa mahakamani. Alikataza pia kumsaliti jirani na kumharibia jina, akatutaka tumtetee na kuyapokea mambo yake kwa upande ulio mwema. Watoto wetu wa Kipaimara wanayakariri hayo kila mwaka. Sasa kutuma jina la jirani kwa simu, bila shahidi, bila yeye kujua, bila kuwahi kuketi naye, kunaingia wapi katika maelezo hayo? Hata anayeamini kwamba jirani huyo ametenda dhambi, Mathayo 18 inamwelekeza amwendee kwanza wakiwa wawili tu, kisha na shahidi mmoja au wawili, kisha kanisa. Mkuu wa Mkoa hayumo.

Na tufikirie ingekuwaje hapa. Baray tunalima vitunguu kwa maji ya mifereji, na ugomvi wa zamu ya maji peke yake unatosha kuwafanya ndugu wasisalimiane msimu mzima. Mpe mwenye kinyongo namba ya simu ya serikali, na tuhuma isiyohitaji ushahidi ili imchafue mtu. Kijana aliyefika miaka 35 bila kuoa atapona? Kwa kosa hilo kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinatoa kifungo cha maisha, kisichopungua miaka 30.

Februari 2017 Wakristo walilionja jambo hili wenyewe. Makonda alipotangaza majina ya watu waende polisi kuhojiwa juu ya dawa za kulevya, Askofu Josephat Gwajima alikuwa miongoni mwao. Wengi walisema, na kwa haki, kwamba kutajwa si kupatikana na hatia. Mwaka uliofuata hoja hiyohiyo iliwekwa kabatini.

Nitaambiwa kwamba msimamo wa KKKT juu ya ndoa unajulikana, na Tamko la Dodoma la 2010 lipo. Lipo, nami sikushika kalamu kulibadilisha. Lakini kukataa kufungisha ndoa ni jambo moja, na kuwasaka watu majumbani ni jingine. Ungamo la Augsburg la 1530, ibara ya 28, linatukataza kuchanganya mamlaka ya Injili na mamlaka ya upanga. Kiongozi wa serikali akisema anasaka watu ili Mungu asikasirike, amevaa joho ambalo hakubarikiwa kulivaa.

Nitaambiwa pia kwamba haya ni mambo ya wazungu. Sheria yenyewe tuliirithi kwa Mwingereza! Mwaka 1998 Bunge letu likaongeza ukali wa adhabu. Ila liko jambo linaloniuma zaidi. Tarehe 4 Novemba 2018 Wizara ya Mambo ya Nje ilitamka kwamba yale yalikuwa maoni binafsi ya Makonda. Umoja wa Ulaya ulimwita nyumbani balozi wake, Denmark ikazuia msaada wa krona milioni 65, na Januari 2020 Marekani ikampiga marufuku kuingia kwake. Watu wetu wakajifunza kwamba anayemtetea jirani ni mwenye fedha. Mimi sikusikia mimbari hata moja ikifundisha amri ya nane majuma yale. Tungesema sisi kwanza, nani angeita huruma kitu cha kigeni?

Maana waliosakwa ni wa kwetu. Tumewabatiza, wanaimba kwaya. Mama mmoja aliniuliza baada ya ibada, kwa sauti ya chini, kama mwanawe akifa kanisa litamzika. Hakuuliza habari za ndoa. Kijana alikuwa ameacha hata kwenda zahanati kwa kuogopa maswali. Nilimjibu mama kwamba litamzika, ila kwanza nitakwenda kumwona angali hai, na nilikwenda.

Nawaomba wazee wa sharika: rejista zetu zina majina kwa ajili ya ubatizo, Kipaimara, ndoa na maziko. Ikitokea tena ofisi yoyote ikaomba majina ya watu wa namna hii, tusitoe hata moja. Na muumini akitujia na jina la mwenzake mdomoni, tumwulize kama ameshakwenda kumwona.