Jibu la Waziri libandikwe ofisi ya kata

Mwaka 2022 Flatei Massay, wakati huo Mbunge wa Mbulu Vijijini, alipiga sarakasi ndani ya ukumbi wa Bunge akidai barabara ya lami. Klipu ile ilizunguka kwenye simu nchi nzima. Mimi sikumcheka, mtu akiomba barabara mwaka hadi mwaka anaweza kufika huko. Ila najiuliza: sisi tulioitazama sarakasi, wangapi tulikwenda kusoma Serikali ilimjibu nini?

Jibu lipo. Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala, huwekwa kwenye tovuti ya Bunge, faili moja kwa kila kikao. Nina duka la stesheneri karibu na stendi, na msimu wa bajeti huja watu kuchapiwa kurasa hizo. Kikao kimoja kinaweza kuzidi kurasa mia. Ukichapa zote umemfilisi mteja. Kwa hiyo nafungua faili, naandika jina la kata kwenye kisanduku cha kutafutia, nachapa kurasa mbili tatu. Jina lisipotokea nabadili tahajia, maana majina ya vijiji vyetu kila mtu huyaandika anavyojua.

Mwenyekiti mmoja wa kijiji, mtu mzima, alikuja kutafuta habari za zahanati yao. "Mwanangu, Mbunge alituambia mkutanoni fedha zimeshatengwa." Nikamtafutia. Jibu la Naibu Waziri lilianza kama yanavyoanza yote, kwa niaba ya Waziri, kama ifuatavyo. Mwishoni likasema ujenzi utafanyika kulingana na upatikanaji wa fedha. Mzee akarudia mstari ule kwa kidole.

"Sasa hii na kutengwa ni kitu kimoja?"

"Hapana, mzee wangu."

Akaagiza nakala kumi za mkutano wa kijiji. Nikamtoza bei ya nane.

Januari 2016, Nape Nnauye, wakati huo Waziri wa Habari, alipotangaza kwamba televisheni ya taifa, TBC, haitarusha tena vikao vyote vya Bunge mubashara kwa sababu ya gharama, watu walipiga kelele, na walikuwa na haki. Lakini mubashara inamfaa mwenye nafasi ya kukaa kutwa mbele ya runinga. Bunge linaanza saa tatu asubuhi, mkulima yuko shambani. Anayetaka kumbana Mbunge wake anahitaji maandishi: tarehe, jina, sentensi yenyewe.

Hapa Wakenya wametuacha. Tovuti ya Mzalendo, iliyoanzishwa na Ory Okolloh na Conrad Akunga baada ya tovuti ya Bunge lao kufungwa (wabunge wengine walichukizwa wasifu wao kuanikwa hadharani, si ajabu), humpa kila mbunge ukurasa wake na aliyoyasema bungeni. Sisi tumewazidi kwa moja: Hansard yetu ni ya Kiswahili, na mwenyekiti wangu hakuhitaji mkalimani.

Upande wa kura, tusidanganyane, kuna pengo. Mambo mengi huamuliwa kwa sauti, ndiyo au siyo, kisha Hansard inaandika kwamba hoja iliafikiwa. Mbunge wako alisema lipi, au alikuwa mgahawani, hutajua. Bajeti kuu ndiyo wanaitwa majina mmoja mmoja, kila mtu anasikika.

Majibu ya maswali, hata hivyo, hayana kisingizio. Kila swali lina namba, jina la Mbunge na jimbo lake. Kazi ya kupanga imeshafanywa nusu. Iliyobaki ni kuyakusanya kwa jimbo, ili mtu asilazimike kubahatisha tarehe ya kikao. Halafu mtendaji wa kata apewe yanayomhusu. Ubao wa matangazo anao, na jibu la Naibu Waziri halizidi nusu ukurasa.

Wateja nitawapoteza. Wanafunzi watanitosha.