Chupa ya soda si chombo cha kemikali

Ukianza kutengeneza bodi za saketi nyumbani, kinachokutoa jasho kwanza si saketi yenyewe. Ni mahali pa kuweka kemikali. Kuna feriki kloraidi ya kula shaba, asetoni ya kufuta tona, na kwa wale wa mchanganyiko ule mwingine, asidi ya haidrokloriki na haidrojeni peroksaidi. Unatafuta chupa za maabara kwenye intaneti, unaona bei, unaongeza gharama ya kusafirisha, unafunga ukurasa. Halafu macho yanaangukia chupa tupu ya soda chini ya sinki.

Hapo ndipo nataka tubishane, ndugu msomaji.

Sote twajua habari ya mafuta ya taa ya kupima. Mtu anatumwa dukani na chupa ya soda, mafuta yanarudi nyumbani, chupa inawekwa sakafuni kando ya stovu, na mtoto mwenye kiu anaiona. Mafuta hayo yakimezwa huingia mapafuni kirahisi, ndiyo maana madaktari hukataza kumtapisha mtoto. Jambo hili ni la zamani na bado linaumiza watoto. Sasa sisi tunaojiita watu wa teknolojia tunalirudia kwa asidi! Feriki kloraidi iliyoyeyushwa ni ya kahawia. Itie kwenye chupa ya kola uone kama hata mtu mzima hatadanganyika. Wenzangu waandishi wa programu watanielewa: ni sawa na kuipa faili ya .exe jina la .jpg. Kila mtu husoma umbo la chupa kwanza. Lebo uliyobandika inasomwa baadaye, na mtoto wa miaka miwili haisomi kabisa.

Hata ukiwa unaishi peke yako, plastiki yenyewe itakuangusha. Chupa za soda ni PET, namba 1, na asetoni huiharibu. Kikombe cha yogati chenye namba 6 ndicho kibaya zaidi: asetoni hukiyeyusha ukitazama.

Kuna kundi la pili, wale wasioona maabara bila kioo cha maabara. Hao nao wanatupa pesa. Kioo cha borosilikati kinauzwa ghali kwa sababu kinastahimili joto la ghafla, lakini kemikali iliyokaa rafuni haipikwi. Tena kostiki soda hula kioo polepole, na ukiifunga kwa kizibo cha kioo kinaweza kukwama kisitoke.

Unachohitaji ni HDPE, yaani plastiki yenye namba 2 ndani ya ile pembetatu ya mishale. Inavumilia feriki kloraidi, kostiki soda, na asidi ya haidrokloriki ya kawaida ya dukani. Na huna haja ya kuagiza ng'ambo. Nenda kwa wanaouza vifaa vya kutengenezea sabuni ya maji, wale wa Ungerol na rangi na manukato. Wengi wao huuza pia chupa na mitungi mipya mitupu, kwa sababu mama anayeuza sabuni mtaani lazima aifungashe. Geuza chupa, tafuta namba, angalia kama kifuniko ni cha plastiki. Chupa ya jamu ni kioo kizuri, lakini kifuniko chake ni bati, na feriki kloraidi hula bati. Mvuke wa asidi nao utakula kifuniko, kisha ukimbilie bisibisi zako.

Mtu ataniuliza, je, chupa nyeupe ya Jik? Plastiki ni nzuri, nakubali. Ila mabaki ya bleach yakikutana na asidi hutoa gesi ya klorini, na chumba kimoja cha kupanga si mahali pa kujaribu kama ulisuuza vizuri. Mimi siitumii. Za dawa za mifugo na mimea hata tusizizungumzie.

Peroksaidi iache kwenye chupa yake iliyokuja nayo. Hutoa oksijeni polepole, kwa hiyo ukiihamishia kwenye chupa iliyobanwa sana itavimba. Asetoni pia ibaki ilimotoka, mbali na jiko.

Na kuna njia ya kupunguza vyombo vyenyewe: nunua kidogo. Feriki kloraidi kavu, ikifungwa isivute unyevu, huchukua nafasi ndogo kuliko lita za maji yake. Ukitaka kuitumia, itie kwenye maji kidogo kidogo, maana hupata moto, na uiache ipoe kabla ya kuitia kwenye chupa.

Chombo kimoja zaidi weka cha maji yaliyotumika. Hayo yana shaba, na shaba huua samaki, kwa hiyo usiyamwage kwenye sinki. Ikiwa ni ya asidi na peroksaidi, usikaze kifuniko.