Nauli ya Kazi si Mshahara



Iko dhuluma isiyopigiwa kelele barabarani kwa kuwa hutendwa kwa kalamu, mwisho wa mwezi, ndani ya karatasi ya mshahara. Karani wa Nakuru anatumwa Nairobi kwa shughuli za mwajiri. Nauli, malazi na chakula anavilipa kutoka mfukoni mwake, jumla shilingi 3,000. Akirudi, anaambiwa angoje mwisho wa mwezi. Siku hiyo ikifika, fedha zake zimechanganywa na mshahara, zimebatizwa jina la marupurupu, na zimekatwa kodi. Ikiwa mapato yake yamefikia ngazi ya asilimia 30, shilingi 900 zimekwenda. Alimkopesha mwajiri 3,000, naye amerudishiwa 2,100. Je, hiyo ni ajira au ni faini ya utiifu?

Sheria haikuamuru hivyo. Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 470, katika kifungu cha 5, haiyahesabu kuwa mapato malipo ambayo ni marejesho tu ya gharama aliyoingia mfanyakazi kwa ajili ya kazi yake. Kwa anayesafiri kikazi nje ya kituo chake cha kawaida, shilingi 2,000 za kwanza kwa siku zilihesabiwa kuwa marejesho kwa miaka mingi. Tangu Julai 2025 kiwango hicho ni shilingi 10,000. Basi lawama ni ya mwajiri mvivu, anayeona ni taabu kutunza risiti na kufungua hesabu ya pili, akaona ni rahisi kumtwika mfanyakazi hasara.

Twajua jibu lao: wako matajiri wanaoficha mishahara chini ya jina la marejesho ili wakwepe kodi. Ni kweli, nasi hatuwatetei. Kiasi kilekile kinacholipwa kila mwezi bila risiti hata moja ni mshahara, na kitozwe. Lakini hila ya mwenye nguvu isiwe kisingizio cha kumkamua mnyonge. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Tukumbushane pia ni nani waliostareheshwa. Kwa miaka mingi marupurupu ya wabunge wetu hayakutozwa kodi, huku mwalimu na muuguzi wakikatwa kabla hata ya kuushika mshahara. Katiba ya 2010, Ibara ya 210, ilipiga marufuku sheria yoyote ya kumwondolea afisa wa serikali kodi kwa sababu ya cheo chake. Mwaka wa 2011, walipodaiwa kodi hiyo, wabunge kadhaa walipinga kwa sauti kuu. Wao walikuwa na Bunge la kuwasemea. Karani wa Nakuru ana nani?

Hatukupigania kufutwa kwa kifungu cha 2A, kilichofutwa Desemba 1991, ili tubadilishe majina ya vyama vya wanaotukamua. Tulitaka haki ifike hadi kwenye meza ya mhasibu.

Nasi wa kanisani tusinyooshe kidole hali nyumba yetu haijafagiliwa. Mwinjilisti anayetumwa mkutanoni kwa nauli yake, muuguzi wa zahanati ya misheni anayenunua dawa kwa fedha zake, hao nao ni wadai wetu.

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Kwanza, marejesho yalipwe kwa risiti, mbali na mshahara, na yasingoje mwisho wa mwezi. Pili, mfanyakazi asitumwe safari kabla ya kupewa nauli. Tatu, kila mfanyakazi apewe maelezo ya mshahara na makato yake kwa maandishi, kama Sheria ya Ajira ya 2007 inavyoagiza, naye ayasome mstari kwa mstari.

Ndugu, tunzeni risiti zenu. Ulizeni pamoja, kwa kuwa anayeuliza peke yake hutishwa. Na mwajiri akikataa, lipelekeni jambo hilo kwa chama chenu cha wafanyakazi na kwa afisa wa kazi.