Sauti Iwe ya Msikilizaji

Wako watu, na baadhi yao ni wasomi, wanaodhani kuwa mwanafunzi asiyeona akishapewa kompyuta inayosema, haja yake imekwisha. Akiomba kuongeza mwendo wa sauti ile, kushusha kimo chake, au kusahihisha matamshi ya jina la kijiji chao, huambiwa kwamba anataka anasa. Shauri hilo ni bovu, na madhara yake ni makubwa kuliko yanavyoonekana.

Asiyeona husoma kwa sikio. Mwenye macho hakatazwi kusogeza taa wala kuchagua miwani inayomfaa, na hapana amwitaye mpenda anasa kwa sababu hiyo. Kwa nini basi sikio linyimwe kile ambacho jicho limepewa?

Itazamwe programu ya NVDA, ambayo Michael Curran, naye mwenyewe haoni, aliianzisha Australia mwaka 2006, na ambayo hutolewa bure. Ndani yake mna sauti ya eSpeak NG, nayo husoma Kiswahili. Sauti hiyo haikuchotwa kinywani mwa mtu. Hutengenezwa kwa hesabu, na mgeni huicheka kwa ukavu wake. Lakini yaweza kukimbizwa maneno 300 kwa dakika na zaidi, na sikio lililozoea likaifuata bila taabu. Mwanafunzi wa Iringa mwenye kurasa mia za kusoma kabla ya mtihani hatafuti utamu wa sauti, atafuta muda. Amlazimishaye sauti tamu na ya polepole, kwa kuwa yeye mwenye macho ameipenda, humpokonya usiku wake.

Ubaya wa pili ni matamshi. Waraka wa Kiswahili aghalabu huchapwa katika programu iliyowekewa alama ya Kiingereza. Mashine ikiikuta alama hiyo huusoma waraka kwa kanuni za Kiingereza, na maneno kama "pole", "wake" na "mate" hugeuka ya kigeni.

Hata kanuni za Kiswahili zikifuatwa, kazi haijaisha. Mashine isiyofundishwa upatanisho ikikuta "vitabu 3" hutamka "vitabu tatu". Kata ya Ng'ang'ange, wilayani Kilolo, ikiandikwa bila ritifaa hupoteza jina lake. Kiswahili kina irabu 5, lakini Kinyakyusa cha Rungwe na Kyela kina irabu 7; majina ya huko Mbeya hayawezi kuachiwa mashine iyakisie. Dawa ipo: NVDA ina kamusi ambamo msomaji mwenyewe huandika neno na namna ya kulitamka. Kumnyima ruhusa au mafunzo ya kuitumia ni kumnyima kalamu.

Husemwa pia kwamba kila mtu akiigeuza sauti apendavyo, Kiswahili Sanifu kitavunjika. Hoja hii yachanganya maandishi na masikio. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliuchagua Unguja kuwa msingi wa usanifu, na tangu hapo Mhehe na Mnyakyusa wameandika kwa tahajia moja bila kuziacha lafudhi zao. Ikiwa vinywa vya mamilioni havikuivunja lugha, masikio ya wachache hayataivunja.

Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, unaotaka habari zitolewe kwa namna inayowafaa. Basi vyuo vya Mbeya na Iringa vina deni. Nyaraka zao ziwekewe alama ya Kiswahili kabla ya kutolewa. Wanaisimu wao wakusanye majina ya watu na mahali ya Nyanda za Juu Kusini katika kamusi moja ya matamshi, ambayo kila mwanafunzi ataichukua na kuiongezea yake. Na mwendo na kimo cha sauti viachwe mkononi mwa msikilizaji.

Chuo kinachotoa kompyuta na kuinyima funguo zake hakijampa mwanafunzi kitabu, kimempa jalada.