Kikanda ni kitamu, lakini tuache mbegu



Huku kwetu kusini mwa Katanga ni nani asiyejua kikanda? Wamama wanatwanga viazi vidogo vilivyokauka, wanachanganya na unga wa kalanga, chumvi, pilipili na majivu ao bikarbonati kidogo, wanapika mpaka kinakuwa kigumu, kisha wanakikata vipande sokoni. Ni chakula cha Wabemba tangu zamani, na leo hata wasio Wabemba wanakipenda. Siye pia tunakula.

Lakini wangapi kati yetu wanajua kama viazi vile ni vya maua? Ni okidi za pori, jamaa ya Disa, Satyrium na Habenaria, zinazoota katika madembo, yale mabonde ya majani na maji. Hazilimwi kama muhogo. Mtu anazichimba tu, na akingoa mmea pamoja na viazi vyake vyote, mmea umekufa. Mbegu ziko mingi sana, nyepesi kama vumbi, ila hazina akiba ya chakula ndani. Lazima zikutane na kuvu fulani katika udongo ndipo ziote. Tena mmea unakawia miaka kabla ya kutoa kiazi cha kufaa. Ukichimba mbele mbegu hazijaanguka, umekula vya mwaka huu na vya miaka ijayo.

Tuangalie jirani. Huko Zambia, madembo ya karibu yalipopungukiwa, wafanya biashara walianza kutafuta viazi Tanzania, hata huku kwetu Kongo. Katika milima ya kusini mwa Tanzania vilichimbwa vingi mno, na mwaka 2005 uwanda wa Kitulo ukafanywa hifadhi ya taifa. Wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu. Okidi zote ziko pia chini ya mapatano ya CITES, ambayo inchi yetu iliingia mwaka 1976, wakati ilikuwa ikiitwa Zaïre: kuzipitisha mpakani kunaomba ruhusa. Lakini karatasi ya mpakani hailindi dembo lililo nyuma ya kijiji.

Wengine watasema: basi, kikanda kikatazwe. Siye hatukubali. Kuna wanafunzi ambao minervali yao inatoka katika sinia ya kikanda. Kumkataza mama bila kumpa kazi ingine si haki, naye atauza kwa kujificha.

Afazali tusome Kumbukumbu la Torati 22:6-7. Anayekuta kiota njiani anaruhusiwa kutwaa makinda, lakini ndege mama amwache aende. Mungu hakukataza kula, alikataza kumaliza.

Maoni yetu ni haya. Wakati wa likizo tuzungumze na wazazi wetu kwa heshima, maana wao njo wanajua madembo kuliko siye. Anayechimba aache mimea midogo, na ile mikubwa angoje vifuko vya mbegu vikauke na kupasuka. Mwaka huu dembo moja lichimbwe, lingine lipumzike. Wachifu wakikubaliana juu ya neno hilo, litasikiwa kuliko amri ya mbali. Wachuuzi wasinunue viazi vidogo kama punje ya kalanga.

Mwenye wazo lingine aandike, tutalichapa.