Kabla Kamera Haijawashwa, Tujue Maneno Yake

Ndugu zangu, kwenye klabu zetu za Kiingereza hapa Dzaleka, siku ya kuzungumzia filamu ndiyo siku watu wanajaa. Kila mtu ana muvi yake. Ubaoni yanaandikwa "hero", "villain", "plot", "comedy", "horror", tunanakili, tunasimuliana, saa inaisha. Hilo sina ubaya nalo. Ila naona tunafundishwa maneno ya mtu aliyekaa mbele ya skrini, wakati sisi wa hapa kambini mara nyingi tuko upande wa pili. Sisi ndio tunaopigwa picha.

Tuanze na tulichonacho, maana si kidogo. Aliyekulia Kigoma au Nairobi anasema "stelingi", na anajua kabisa kwamba stelingi hafi. Neno limetoka kwenye "starring", lile linaloandikwa karibu na jina la mchezaji mkubwa mwanzoni mwa picha. Lakini kwa Kiingereza mtu haitwi hivyo, anaitwa "the hero" au "the main character". Aliyetoka Uvira au Bukavu yeye ana "akteri" na "shefu bandi", na kwake akteri ni mmoja tu, yule anayeshinda mwisho. Kwa Kiingereza hata shefu bandi ni "actor". Anayepita tu njiani bila kusema neno ni "extra". Sizoni nayo kwetu ni tamthilia nzima, kumbe kwao "season" ni fungu moja tu la vipindi, nzima yake ni "series". Na mtu akikuuliza "what is the plot?" usianze kumwonyesha kiwanja. Anataka kisa.

Filamu moja inatosha kufundishia haya yote, na imetoka jirani: The Boy Who Harnessed the Wind, ya 2019, iliyopigwa hapahapa Malawi, kisa cha Wimbe, Kasungu, wakati wa njaa ya miaka ya 2001 na 2002. William Kamkwamba ni "character", na pia ni mtu wa kweli. Aliyemwigiza, Maxwell Simba, ni "actor", tena ni kijana wa Kenya. Chiwetel Ejiofor ameigiza baba, ameandika "script", na yeye huyohuyo ndiye "director". Wenzetu waliosoma Kifaransa hapo wanateleza, kwa sababu "directeur" wao ni mkuu wa shule, na wa filamu wanamwita "réalisateur". Wahusika wanaongea Kichewa na Kiingereza, na wakiongea Kichewa maneno ya Kiingereza yanapita chini. Hayo ni "subtitles".

Sasa hapo kwenye "subtitles" ndipo ninapotaka tukae.

Nimewahi kujitolea kutafsiri kwa wageni wenye kamera. Siku moja mama mmoja aliongea kwa Kiswahili kama dakika tatu, bila kupumzika. Alieleza mgao unavyopungua, akaeleza binti yake aliyeacha shule, akaeleza paa lake. Mwisho, kwa heshima tu kama mama yeyote wa kwetu, akawashukuru wageni kwa kuja. Baadaye video ilipofika kwenye simu zetu, mama alionekana kwa sekunde chache. Chini yake iliandikwa kwamba anashukuru. Basi.

Hakuna aliyedanganya. Alishukuru kweli. Walikata tu. Na neno la kukata huko ni "edit". Sisi vijana tukisema "kuediti" tunawaza kung'arisha uso kwenye picha. Kwenye video kazi kubwa ya "edit" ni kuchagua kipi kibaki na kipi kiende. Yule mama angejua kuuliza swali moja, "who will edit this?", sidhani kama angepata jibu la kumridhisha, lakini angalau waliokuja wangejua kwamba anaelewa kinachofuata. Mimi mwenyewe sikumtafsiria swali hilo kwa sababu hakuuliza. Mkalimani hatafsiri ambalo halijasemwa.

Kuna maneno mengine ya namna hiyo, na ningependa yaandikwe ubaoni kabla ya "horror". "Footage" ni picha zote zilizorekodiwa kabla hazijakatwa. Neno linatoka kwenye futi, kwa sababu zamani mkanda wa filamu ulipimwa kwa futi. "B-roll" ni zile picha za kujazia: watoto wanakimbia, vumbi, foleni ya maji. Mtoto wako anaweza kuwa "B-roll" ya habari ambayo haimhusu hata kidogo. "Voice-over" ni sauti ya mtu mwingine juu ya sura yako. Halafu kuna "shoot". Vijana tumezoea, tunasema kushuti video. Lakini mwambie mzee aliyekimbia Kivu, mwenye Kiingereza cha kuokoteza, "we will shoot at your house tomorrow", uone kama atalala.

Na ile karatasi, "release form". Wengi wanasaini wakidhani ni mahudhurio ya kugawiwa soda. Mara nyingi ndani yake kuna "in perpetuity", maana yake milele, na "all media", maana yake popote. Mtu amesaini milele akiwa amesimama, kalamu ya kuazima.

Najua nitaambiwa: mwenye njaa hakatai kamera, maneno yatasaidia nini? Ni kweli, nguvu hazilingani, na hakuna msamiati utakaoongeza unga kwenye gunia. Lakini si kila anayeuliza anakataa. Angalia Tumaini Festival, iliyoanzishwa 2014 na Menes La Plume, mkimbizi kama sisi. Kamera zinakuja kutoka Lilongwe na mbali zaidi, na zinatukuta jukwaani tunafanya tulichopanga wenyewe. Kamera ni zilezile.

Tena kuna vijana wetu wanaopiga video za harusi na za wanamuziki, wazuri kweli. Akipata kibali aende Lilongwe kwenye mafunzo, Kiswahili hakijulikani, Kichewa chake ni cha sokoni. Kinachobaki ni Kiingereza. Wakiuliza nani anashika "sound" na nani anaandika "credits", anayejua kazi lakini hajui jina lake anabeba stendi siku nzima.

Ndugu wa mashirika mnaosoma hapa, hiyo fomu isomwe kwa Kiswahili, kwa sauti, kabla kamera haijatoka kwenye mkoba. Sisi kwenye klabu tuchukue video ya dakika mbili ya mtu wetu anaongea, tuiandikie "subtitles" wenyewe, tugombane neno kwa neno. Na ninyi mkimaliza yenu, leteni ile ya kwanza kabla ya kumalizwa, "rough cut", muiwashe kwenye ukuta wa darasa aliyeongea akiwepo. Umeme ukikatika tutaangalia kwenye simu.